Hakula hata shilingi, watamfunga kwa lipi?

Wiki hii nimeulizwa tena, na ndugu wa mteja, kwa sauti ya mtu anayeona kesi imekwisha: "Wakili, mzee hakula hata shilingi. Watamfunga kwa lipi?"

Kwa kifungu cha 31, ndugu yangu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007 inamshika anayetumia vibaya wadhifa wake kwa makusudi, kinyume cha sheria, ili apate manufaa asiyostahili yeye au mtu mwingine. AU MTU MWINGINE. Hapo ndipo kila mtu anaparuka. Shemeji akipewa zabuni kwa mlango wa nyuma, mfuko wa mheshimiwa unaweza kubaki mtupu na kosa likatimia. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote.

Mramba na Yona, mawaziri wa zamani, walipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, 2008 kwa misamaha ya kodi iliyopewa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu. Hawakushtakiwa kwa kupokea bahasha ya mtu. Walitiwa hatiani 2015, na Mahakama Kuu ikapunguza kifungo kutoka miaka 3 hadi 2. Mshtakiwa mwenzao, Mgonja, aliachiwa huru.

Sasa msikimbilie upande wa pili, kwamba kila uamuzi mbovu ni jinai. Lazima makusudi yathibitishwe, na makusudi hayana risiti. Mimi nikipewa jalada natafuta dokezo kwanza, yaani maandishi ya ndani ya ofisi yanayopanda kwa bosi. Afisa ugavi kaandika: "Mzabuni hajakidhi vigezo, napendekeza akataliwe." Chini yake, kwa wino mwingine: "Apewe." Saini, tarehe, basi. Bosi huyo hawezi tena kusema hakujua, na mimi wakili wake naanza kutafuta maji ya kunywa.

Kuisababishia mamlaka, yaani serikali au taasisi ya umma, hasara ni kosa jingine kabisa, liko kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, na linamkamata hata mzembe. Waendesha mashtaka huyaweka yote mawili kwenye hati moja, halafu magazeti yanaandika kana kwamba ni kitu kimoja. Hili la uzembe linanikera. Sina hakika kwamba mtu aliyekosea hesabu kwa nia safi anastahili kizimba kile kile, na nimeona wakurugenzi wanaokalia majalada miezi kwa kuogopa tu kusaini.

Kinachonisumbua zaidi ni simu. Wakubwa wajanja hawaandiki "Apewe". Wanapiga simu, na saini inayobaki kwenye karatasi ni ya kijana wa chini. Nikiulizwa afanye nini, namwambia aandike siku hiyo hiyo: "Kufuatia maelekezo yako ya simu ya leo, naomba uthibitisho kwa maandishi," kisha abaki na nakala. Wapo waliohamishwa vituo kwa sababu ya sentensi hiyo, sitawaficha.