Memoir ni kitabu cha namna gani?

Neno la Kiingereza "memoir" hutamkwa "memwa", mkazo ukiwa mwanzoni. Wamarekani huisikizisha na "r" ya mwisho. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kumbukumbu. Ni masimulizi ya kweli ya sehemu fulani ya maisha, yaliyoandikwa na mwenyewe aliyeyaishi. Neno la kushika hapo ni "sehemu".

Chukua baharia mstaafu wa Kigoma aliyefanya kazi kwenye MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Akianzia kuzaliwa kwake Ujiji, shule, ndoa na kazi mpaka kustaafu, ameandika tawasifu. Akishika miaka yake ya safari za Mpulungu, Zambia, tu, zamu za usiku na abiria wanaoletwa melini kwa mitumbwi pasipo na gati, hiyo ndiyo memoir. Utoto ataugusa pale tu unapoeleza jambo la melini.

Wengi huteleza kwenye historia. Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Baharia wetu hakuyaona hayo. Akiyapa sura tatu, kitabu kimekuwa cha meli. Akieleza alivyoyasikia kwa fundi mzee wa injini, na yalivyobadili macho yake kwa chombo kile, yamekuwa yake.

Shajara huandikwa siku ileile; memoir huja miaka mingi baadaye, na akili huchanganya tarehe. Kwa hiyo mwandishi makini hulinganisha anachokumbuka na picha, barua za likizo na maneno ya wenzake wa zamu. Mazungumzo ya zamani hakuna anayeyakumbuka neno kwa neno, na wasomaji hulielewa hilo. Tukio la kubuni hawasamehe, na wana haki.

Kwa wingi, "memoirs", neno hutumika sana kwa viongozi na majenerali wanaosimulia utumishi wao wote. Usidhani ni vitabu vingi; mara nyingi ni kimoja tu.

Katika kutafsiri, "kumbukumbu" peke yake haitoshi, maana tunazo pia kumbukumbu za kikao, siku ya kumbukumbu na Kumbukumbu la Torati. Sema "kitabu cha kumbukumbu za maisha", kisha taja ni maisha yapi: ya melini, ya darasani, ya vita.

Mpaka kati ya memoir na tawasifu huwa mwembamba. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara wa karne ya 19, aliacha masimulizi yake kwa Kiswahili, nayo huitwa tawasifu. Lakini hayaanzi na kuzaliwa. Yanaanza akiwa na miaka 12, akiingia kwenye safari za biashara, na misafara na biashara ndiyo inayoyajaza mpaka mwisho.