Je, wajua kwa nini mbwa mdogo anaweza kumchosha mzazi mzee kuliko mbwa mkubwa?

Mbwa aina ya greyhound hukimbia karibu kilomita 70 kwa saa. Kwa mbio fupi hakuna mbwa anayemfikia. Mpeleke nyumbani, hata hivyo, na utamkuta amejinyoosha kwenye kochi sehemu kubwa ya siku, miguu huku, kichwa kule, kama mtu aliyetoka zamu ya usiku. Sasa mweke karibu yake Jack Russell, mbwa wa kilo sita au saba hivi unayeweza kumbeba kwapani. Kufikia saa tatu asubuhi huyo atakuwa ametafuna kiatu, amechimba shimo, amebwekea kila kinachopita nje, na bado anakukodolea macho akitaka kujua mnakwenda wapi.

Watoto wakimtafutia mzazi wao mbwa, hesabu yao mara nyingi ni moja: mzee ni mzee, basi mbwa awe mdogo. Hesabu hiyo ina ukweli wake, tutaufikia, lakini inachanganya mambo mawili ambayo hayana undugu: uzito wa mbwa na kiu yake ya kazi.

Kiu hiyo inatoka wapi? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aina nyingi za mbwa tunazozijua ziliundwa na watu kwa kazi fulani, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwazalisha wale walioifanya kazi vizuri. Jack Russell amechukua jina la kasisi John Russell, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa na wazimu wa uwindaji. Alitaka mbwa mwenye pumzi za kufuatana na farasi na kifua chembamba cha kupenya kwenye shimo la mbweha ili amfurushe. Kwa hiyo ule udogo ni kifaa cha kazi, wala haumaanishi upole. Dachshund naye, yule mrefu mwenye miguu mifupi, aliumbwa hivyo ili aingie chini ya ardhi kukabiliana na mnyama mkali aliye kwake. Kule shimoni hakuna bwana wa kumwamuru. Lazima aamue peke yake. Ndiyo maana ukimwita leo anakutazama kwanza, anafikiri, kisha anaendelea na shughuli zake. Watu humwita mkaidi, kumbe anafuata mafunzo ya mababu.

Mbwa wa kuchunga ni kundi jingine la kuangalia kwa makini. Border collie alitengenezwa kukimbia siku nzima milimani nyuma ya kondoo, akisoma kila mwendo wa kundi. Usipompa kondoo, atachunga wajukuu, atachunga baiskeli, na akikosa vyote atachunga kivuli chake ukutani. Corgi, mfupi mwenye sura ya tabasamu, kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe kwa kuwauma visigino. Visigino vya mama wa miaka 70 havina tofauti kubwa machoni pake.

Greyhound yeye aliundwa kwa kazi ya dakika moja: kumwona sungura, kufyatuka, kumaliza. Baada ya hapo hana deni na mtu. Matembezi mawili ya wastani kwa siku humtosha, na waliostaafu mashindano ya mbio mara nyingi ni watulivu ajabu ndani ya nyumba. Tahadhari yake ni hiyo hiyo kazi ya zamani: akimwona paka ng'ambo ya barabara, kilo 30 zinaweza kufyatuka kabla hujameza mate.

Na hapo ndipo ule ukweli wa uzito unapoingia. Mwaka 2019 jarida la JAMA Surgery lilichapisha hesabu za majeruhi waliofika katika vyumba vya dharura vya hospitali za Marekani. Watu wa miaka 65 na zaidi waliovunjika mfupa wakitembeza mbwa aliyefungwa kamba walikadiriwa kuwa 1,671 mwaka 2004. Kufikia 2017 walikuwa 4,396. Zaidi ya robo tatu walikuwa wanawake, na kati ya mifupa yote, nyonga ndiyo iliyoongoza kwa kuvunjika. Mifupa ya wanawake hupungua uimara baada ya hedhi kukoma, na mbwa huvuta kwa ghafla, mara nyingi kwa upande, wakati mkono umenyooshwa na mguu mmoja uko hewani. Mtu hana pa kujishikia.

Lakini mbwa mdogo naye huangusha watu, kwa njia yake. Havuti; hujipenyeza miguuni. Analala nyuma ya kiti jikoni, anakata njia kwenye ngazi, unageuka na yupo pale pale. Kwa hiyo mimi nikiulizwa uzito unaofaa, naona wale wa kilo saba hadi kumi na tano hivi wana nafuu: wanaonekana, na wakivuta hawamng'oi mtu. Kamba iwe ya urefu usiobadilika. Zile zinazojikunja zenyewe humpa mbwa nafasi ya kushika kasi kabla hajafika mwisho, na mshtuko wote unaishia begani. Mkanda wa kifuani wenye pete mbele hupunguza nguvu ya kuvuta, kwa sababu mbwa akivuta hujikuta amegeuzwa. Na kamba isizungushwe kwenye kiganja hata siku moja.

Turudi kwa mzazi. Tunaposema ni mchangamfu, maana yake nini hasa? Kuna anayetembea saa nzima kila alfajiri kwa mwendo mmoja, kuna anayepanda vilima, kuna ambaye hatoki uani ila hakai chini kuanzia asubuhi hadi jioni. Hawa hawafai kupewa mbwa wa aina moja. Halafu kuna swali ambalo watoto hulisahau kwa sababu wanamwona mzazi katika siku zake nzuri: siku goti limevimba, au mvua imenyesha tangu usiku, mbwa huyu atavumilia? Achaguliwe kwa siku mbaya ya mzazi. Kwenye siku nzuri, karibu mbwa yeyote atafurahi kwenda mbali zaidi.

Kwa kipimo hicho, poodle mdogo au wa kati ni chaguo zuri kuliko sifa yake. Zile nywele za maonyesho zimemharibia jina. Asili yake ni mbwa wa kuokota ndege majini, na jina lake limetokana na neno la Kijerumani la kurusharusha maji. Ni mwepesi wa kujifunza, hutembea bila kuchoka, na akifika nyumbani hutulia. Gharama yake ni manyoya: hayapukutiki sana lakini hayaachi kukua, hivyo lazima anyolewe kila baada ya wiki chache. Mzazi mwenye vidole vyenye baridi yabisi asitegemewe kumchana kila siku.

Cavalier King Charles ni mpole kiasi cha kumfanya mtu asahau kuuliza maswali. Aliundwa kukaa mapajani, lakini damu yake ya spanieli, jamii ya mbwa wa kuwinda, bado inampa miguu ya matembezi. Ila moyo wake una tatizo linalojulikana sana kwa madaktari wa wanyama: vali, yaani vile vilango vya damu ndani ya moyo, huchakaa mapema, na wengi wao hupata ugonjwa huo wakizeeka. Anayemtaka aulize habari za mioyo ya wazazi wa mbwa huyo, na aulize kabla hajamwona, maana akishamwona hatauliza.

Wale wenye nyuso bapa, pagi na bulldog wa Kifaransa, ningewaacha. Njia zao za hewa ni finyu, joto huwazidi haraka, na mzazi mchangamfu atajikuta anamsubiri mbwa apumue. Labrador ana moyo wa dhahabu, lakini anaweza kufika kilo 35 na hula kama hajawahi kula. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waligundua kwamba baadhi ya labrador wana kasoro katika jeni inayohusika na kuhisi shibe. Mbwa huyo na bibi anayependa kugawa tonge mezani ni mchanganyiko wa kunenepesha.

Baada ya kuyasema haya yote, kuna jambo linalotibua hesabu. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kuchunguza vinasaba vya mbwa wapatao 2,000. Walikuta kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Yaani aina inakupa dokezo, na dokezo ni zuri, hasa kwa mambo kama hamu ya kuokota vitu au kufuata amri; lakini mbwa aliye mbele yako ndiye ushahidi. Ndiyo maana namwona mbwa mzima wa miaka mitatu au zaidi kuwa bora kwa mzazi kuliko mtoto wa mbwa. Tabia yake imeshaonekana, hakojoi ndani, haamki usiku mara tatu, hana yale meno ya sindano yanayochana ngozi nyembamba ya mikono ya wazee. Mzazi atembee naye mara mbili, siku tofauti. Muhimu kuangalia si jinsi mbwa anavyochangamka, ila anachukua muda gani kutulia baada ya kushtuliwa na pikipiki au mbwa mwingine.

Faida ipo, tusije tukatishana tamaa. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2017 uliwafuatilia watu wa miaka 65 na zaidi, na wenye mbwa walitembea wastani wa dakika 22 zaidi kila siku kuliko wenzao.

Limebaki suala la miaka. Mbwa wadogo wengi huishi miaka 12 hadi 15. Mama wa miaka 68 akichukua mtoto wa mbwa leo, anaweza kuwa na miaka 82 mbwa huyo akiwa bado anadai matembezi. Akichukua wa miaka saba, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Kwa vyovyote vile kuna siku mzazi atalazwa, au atashindwa, na mtu atalazimika kuishika kamba ile. Jina la mtu huyo lijulikane kabla mbwa hajaingia mlangoni, na awe amekubali kwa kinywa chake mwenyewe.