Kwa nini watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa na minyoo?

Mtoto wa mbwa wa wiki tatu, aliyelelewa kwenye banda la sakafu ya saruji huko Goba bila kukanyaga udongo, anaweza kutoa choo chenye mayai ya minyoo. Lawama huangukia maziwa ya ng'ombe, sukari au uchafu.

Maziwa na sukari havizai minyoo. Mnyoo huzaliwa na mnyoo. Uchafu ni njia ya kweli, ila yai lililomezwa huchukua wiki nne au zaidi kuwa mnyoo mwenye kutaga. Umri wa mtoto huyu haufiki huko. Minyoo wake walitoka kwa mama, tumboni. Hapo ndipo mwenye mbwa hukataa: mbona mama alimezeshwa dawa, na choo chake kilipimwa kikawa safi? Yote mawili ni kweli. Lakini dawa ya kawaida huua minyoo wa utumbo, na kipimo cha choo huona mayai ya hao hao. Waliojificha kwenye misuli hawaguswi wala hawaonekani.

Mnyoo mwenyewe ni Toxocara canis. Mbwa mkubwa akimeza mayai yake, minyoo wachanga wengi hawabaki utumboni; husafiri na damu hadi kwenye misuli na kulala humo. Ni kama mbegu za majani kwenye kiwanja cha kiangazi: unafyeka, unachoma, kiwanja kinabaki cheupe, kisha masika yanaponyesha kunakuwa kijani tupu. Masika ya minyoo hawa ni mimba. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi. Ikifika kama siku ya 42, baadhi huamka, huvuka kondo la nyuma na kuingia kwenye ini la kitoto. Wengine huendelea kulala, wakisubiri mimba ijayo! Baada ya kuzaliwa, minyoo hupanda mapafuni, hukoholewa, humezwa, na kukulia utumboni. Wachache hufuata kupitia maziwa ya mama, njia inayopendwa zaidi na minyoo ya safura ya mbwa.

Ndiyo maana dawa huanza wiki ya pili, si mwezi wa tatu, na hurudiwa kila wiki mbili hadi baada ya kuachishwa ziwa, mama akimezeshwa pamoja nao. Choo kizolewe kila siku: yai huhitaji wiki kadhaa udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, na mtoto wa binadamu akilimeza, mnyoo mchanga anaweza kufika hadi jichoni.