Kumvisha mnyama ubinadamu: maana yake

Kaa kidogo kwa veterineri hapa Goma, siku watu wameleta mbwa kuchanjwa dhidi ya kichaa, usikilize wanavyowasemea wanyama wao. Mbwa “anaona haya”, paka “amenuna, leo atanikomesha”, sungura “ametulia tu, anamwamini daktari”. Huko ndiko kumvisha mnyama ubinadamu, yaani kumpa mawazo na nia kama za mtu. Wataalamu huita antropomofizimu.

Anayewapotosha watu zaidi ni huyo sungura. Yeye huwindwa, na akishikwa na hofu mara nyingi hukauka pale pale bila kulia. Mtazame mezani: kajikunyata, macho nusu yamefumba, mashavu yamebonyea, masikio kayalaza mgongoni. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu ya sungura kinachosoma uso wake: macho, mashavu, pua, sharubu na masikio. Kwa hiyo anachokiita mwenye sungura utulivu, daktari huweza kukisoma kuwa maumivu.

Haya ya mbwa nayo ilipimwa. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Marekani alifanya jaribio: mbwa anakatazwa kula kitu, mwenye mbwa anatoka chumbani, akirudi anaambiwa mbwa wake amekula au hakula, na pengine anadanganywa. Ile sura ya kuinamisha kichwa na kukwepa macho ilifuata kugombezwa, awe mbwa amekula au hajagusa. Tena waliogombezwa bure ndio walioionyesha zaidi!

Sisi wa Kivu tuna mfano wetu. Mwaka 2019 picha ya Ndakasi na Ndeze, gorila yatima wa Rumangabo katika hifadhi ya Virunga, ilizunguka dunia nzima: wamesimama wima nyuma ya mlinzi kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Wenye hifadhi walieleza kwamba gorila hao, waliolelewa na watu tangu wachanga, walikuwa wakiwaiga walezi wao. Kuiga ni jambo la kweli na la ajabu. Kwamba walijua picha ni nini, hilo tumewaongezea sisi.

Conwy Lloyd Morgan wa Uingereza aliweka kanuni mwaka 1894: usieleze tendo la mnyama kwa akili ya juu ikiwa ya chini inatosha. Kanuni nzuri, lakini wapo walioivuta mpaka mnyama akawa mashine. Frans de Waal, mtaalamu wa nyani kutoka Uholanzi, aliwapinga: kukana kila kinachofanana kati yetu na wanyama ni kosa vilevile. Mimi niko upande wake. Hofu na maumivu hatukumzulia mbwa, anavyo. Tunachomzulia ni kisa: kisasi, aibu, shukrani kwa sindano.

Maana mnyama hajui sindano ni ya nini. Anachokijua ni meza inayoteleza, harufu ya dawa, mbwa mwingine anayebweka mlangoni na mkono wa mtu mgeni. Kumtandikia kitenge chenye harufu ya nyumbani kunamfaa kuliko kumweleza kwamba daktari ni mtu mwema. Na daktari naye, ukimwambia “sungura ana huzuni”, hana pa kuanzia. Mwambie hajala tangu jana asubuhi na anasaga meno kwa nguvu.