Distro ni nini hasa, na kwa nini siyo ile sura unayoiona kwenye skrini

Imefika mahali nikiona mtu anayetumia Linux, ule mfumo huria wa kompyuta unaokaa mahali pa Windows, ameuliza "distro gani nzuri kwa kazi za ofisi?" najua kabisa majibu yatakavyokuja. Mmoja atasema Mint kwa sababu menyu yake imekaa kama ya Windows, mwingine Kubuntu maana inapendeza, wa tatu atasema hama Ubuntu ndo maana faili zako za Word zinavurugika, na yule aliyeuliza ataenda kumaliza bando, ataformati laptopu, saa ingine na picha za familia zinaondoka humohumo, afu akiwasha mashine anakutana na LibreOffice ileile ya kuandikia barua, Firefox ileile, na faili linavurugika vilevile. Waliomjibu walitaka kumsaidia kweli. Shida ni kwamba wote wanaita distro kitu ambacho siyo distro.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Distro ni mkusanyiko: kuna watu wamechukua kerneli ya Linux, yaani kile kiini kinachoendesha vifaa vya mashine, wakachukua na maelfu ya programu zilizoandikwa na watu wengine, wakazifunga kwenye vifurushi, wakahakikisha zinaelewana, wakaweka ghala la kuzipakulia, na wakaahidi kuzifanyia masasisho ya usalama kwa muda fulani. Debian, Fedora, Ubuntu, Arch, openSUSE, hizo ndo distro. Ile paneli, menyu, jinsi madirisha yanavyofunguka na kufungwa, hayo ni mazingira ya desktopu: GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon, MATE. Na vile unavyofanyia kazi kutwa nzima, LibreOffice, Firefox, Thunderbird, GIMP, hizo ni programu, na walioziandika mara nyingi hawana uhusiano wowote na waliokutengenezea distro. Ni vitu vitatu tofauti ambavyo kwa bahati tu vinakuja kwenye flashi moja, na hiyo flashi moja ndo chanzo cha mkanganyiko wote.

Ukirudi nyuma kidogo unaona vilivyoachana tangu mwanzo. Linus Torvalds alipotoa kerneli yake mwaka 1991 hakutoa kitu cha kumpa karani ofisini, alitoa kerneli, na anayeitaka ilibidi ajitafutie vipande vingine na aviunganishe mwenyewe. Mwaka 1992 kwenye kituo cha kompyuta pale Manchester, Owen Le Blanc akavikusanya hivyo vipande akavipanga kwenye disketi ili mtu aweze kuweka mfumo mzima bila kuhangaika, akauita MCC Interim. Mwaka 1993 ikaja Slackware ya Patrick Volkerding, na Agosti ya mwaka huohuo Ian Murdock akatangaza Debian. Kazi ya hawa watu ilikuwa kukusanya, kupanga na kusambaza. Hakuna aliyekaa kuchora menyu, na hizo desktopu tunazogombania leo zilikuwa hazijazaliwa.

KDE ilianza Oktoba 1996, pale Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen huko Ujerumani, alipotangaza kwamba anataka watu washirikiane kutengeneza desktopu inayoeleweka kwa mtumiaji wa kawaida. Kilichokuwa kinamkera ni kwamba kila programu ina sura yake na tabia zake, vitufe hapa viko hivi, pale viko vile. Kwenye distro yake hakuwa na ugomvi, alikuwa anazungumzia sura na matumizi. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wote watu wa Mexico, wakaanzisha GNOME, na sababu kubwa ilikuwa leseni: KDE ilijengwa juu ya Qt, zana za kuchorea vitufe na madirisha, na Qt wakati huo leseni yake haikuwa huria. Kwa hiyo wao wakajenga juu ya GTK, zana nyingine za kazi hiyohiyo.

Na hiyo GTK ilitoka wapi? Hapa ndo ninapopapenda zaidi kwenye historia hii yote. Ilitoka kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha ya Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Berkeley. Walikuwa wanatumia Motif kuchorea vitufe na madirisha, hawakuridhika nayo, wakaandika zana zao wenyewe, na zana hizohizo ndo baadae zikabeba GNOME nzima. Yaani programu ya picha ndo iliyozaa vifaa vya kujengea desktopu. Programu haijawahi kuwa mtoto wa desktopu, sembuse wa distro, na ukilishika hilo utaacha kuuliza kama "hii programu ya KDE" itakubali kwenye GNOME. Itakubali. Okular imeandikwa na watu wa KDE na ukiiweka kwenye GNOME inafungua PDF na kuziwekea maelezo bila shida, itakachofanya ni kuja na maktaba zake za Qt, kwa hiyo siku ya kwanza utapakua zaidi kidogo, na huenda vitufe vikaonekana vya ukoo mwingine. Kwa mtu anayesahihisha ripoti za wanafunzi kutwa, hiyo ni bei ndogo sana.

Ushahidi rahisi kuliko wote ni Ubuntu na ndugu zake. Kubuntu, Xubuntu, Lubuntu na Ubuntu yenyewe wanachota vifurushi kwenye ghala moja, kinachobadilika ni desktopu na programu chache wanazokuwekea mwanzoni. Kwa hiyo mtu mwenye Ubuntu anayeona GNOME ni nzito kwa laptopu yake ya mtumba hana haja ya kupakua Xubuntu nzima na kuanza upya. Anafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, anaandika sudo apt install xfce4, anasubiri, anatoka kwenye akaunti yake, na pale kwenye skrini ya kuingilia akishabofya jina lake kuna alama ya gia chini upande wa kulia, anaibofya, anachagua Xfce, anaandika nywila, basi. Faili zake ziko palepale. Asipoipenda anatoka tena anachagua GNOME. Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 lina karibu GB 6, na mimi naumia kweli nikisikia mtu kalipia bando la namna hiyo ili tu apate menyu upande wa chini.

Sasa kile cha faili za Word, maana ndo kinachofukuza watu wengi. Mtu anatumiwa CV au barua ya ofisi, kwa mwenzake ilikuwa ukurasa mmoja, kwake imemwagika mpaka wa pili, jedwali limesogea, sahihi imebaki peke yake juu ya ukurasa mtupu. Anasema Linux mbovu, au distro mbovu. Mara nyingi sana ni fonti. Calibri ndo ilikuwa fonti ya kawaida ya Microsoft Office kuanzia toleo la 2007, na Calibri siyo huria kwa hiyo distro haziruhusiwi kuisambaza. LibreOffice isipoikuta inatafuta mbadala, na mbadala wenye upana tofauti wa herufi unasukuma kila mstari mbele kidogo, mistari arobaini ikisukumwa kidogokidogo ukurasa unapasuka. Dawa ni Carlito, fonti iliyotengenezwa makusudi herufi zake ziwe na upana uleule wa Calibri, na mwenzake Caladea kwa ajili ya Cambria, fonti nyingine ya Microsoft. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint kifurushi kinaitwa fonts-crosextra-carlito, ni megabaiti chache tu, ukishakiweka funga LibreOffice ufungue tena uone mistari inavyorudi mahali pake. Haitatibu kila kitu, kwa mfano Microsoft walihamia fonti ya Aptos mwaka 2023 na waraka wa Aptos Carlito haiuhusu, hapo ni bora umwombe aliyekutumia akupe PDF kama huhitaji kuuhariri. Ila angalia, katika yote hayo distro haijatajwa kama mkosaji hata mara moja.

Simaanishi distro haina maana, ina maana sana ila kwenye mambo ambayo watu hawayaulizii. Inaamua utapata masasisho kwa muda gani: Ubuntu za LTS, yaani zile za kuhudumiwa muda mrefu, hutoka kila baada ya miaka 2 na hupewa masasisho ya kawaida kwa miaka 5, Fedora hutoka karibu kila miezi 6 na toleo moja huhudumiwa kama miezi 13 tu, Arch haina matoleo kabisa, inasonga kila siku. Inaamua pia upya wa programu: Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ina vifurushi zaidi ya 64,000 na LibreOffice yake ni 7.4, na itabaki hiyohiyo 7.4 ikizibwa matundu ya usalama tu, kwa sababu Debian wanakuahidi utulivu, na ahadi hiyo wanaitunza. Ukitaka toleo jipya zaidi humohumo, kuna Flatpak, njia ya kuweka programu bila kutegemea ghala la distro, ambayo inakuletea LibreOffice ileile iwe uko Fedora, Mint au Debian. Na inaamua namna programu inavyofungwa: Firefox kwenye Ubuntu tangu 22.04 inakuja kama snap, kifurushi kinachobeba karibu kila inachohitaji ndani yake, kwenye Mint inakuja kama deb, kifurushi cha kawaida cha ukoo wa Debian, kivinjari ni kilekile ila kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka utaona tofauti ya kuwaka mara ya kwanza. Haya ndo maswali ya distro.

Tena hapa kwetu tulilifahamu hili mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotaka Mswahili atumie kompyuta kwa lugha yake, ulichotoa ni programu za ofisi, Jambo OpenOffice, kwa sababu karani haandiki barua ndani ya distro, anaiandika ndani ya programu. Na waraka ukiuandika kwenye programu huria na kuuhifadhi kama odt, aina ya faili iliyo huria, utafunguka kwenye distro yoyote utakayohamia, na kwenye Windows pia.

Kwa hiyo mtu akikuuliza distro gani nzuri kwa ofisi, mrudishe taratibu: anafungua faili za aina gani, anatumiwa na nani, na mashine yake ina RAM kiasi gani. Akisema anachochukia ni menyu, anachotafuta ni desktopu nyingine, asiguse diski. Akisema CV yake imemwagika mpe jina la fonti. Ila akisema hataki kusikia habari za matoleo mapya kwa miaka mitano ijayo, hapo ndo mzungumze habari za distro.