AC haiuawi na mvua, inauawa na umeme unaporudi

Masika ikianza hapa Dar, simu yangu huita kabla hata sijanywa chai. "Fundi, jana AC ilikuwa nzima, leo haiwaki." Nauliza: usiku umeme ulikatika? Ulikatika. Mliizima wapi? "Kwa rimoti, fundi." Basi hapo naanza kuulizia bei ya bodi, ile sakiti ya ndani inayoiongoza AC.

Rimoti haikati umeme. Inailaza mashine tu, lakini bodi inabaki macho ikisubiri amri yako. Chochote kitakachopita kwenye waya kitaikuta hapohapo. Kama unataka kuizima kweli, shusha breka yake, na uishushe mapema, wingu likiwa bado linajikusanya. Radi zikishapiga juu ya paa, kaa mbali na swichi.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Upepo ukiangusha tawi juu ya nyaya, umeme hukatika, kisha hurudi vile unavyotaka wenyewe: pengine kwa kishindo, pengine dhaifu hadi feni ya dari inajivuta. Watu wanaogopa ule mkubwa tu. Huo mdogo nao ni muuaji, ila wa taratibu: kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inajaribu kuanza, inashindwa, inanguruma, na waya zake za ndani zinachemka. Mbaya kuliko yote ni waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, kukatika nguzoni. Nyumba yenye fezi moja, yaani waya mmoja wa moto, inaweza kujikuta inapokea volti zinazokaribia 400. Ukiona taa zimekuwa kali ghafla kupita kawaida, zima swichi kuu kwanza, maswali baadaye.

Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha. Kompresa ikisimama ghafla, gesi inabaki na presha kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine, na inahitaji kama dakika tatu kusawazika. AC nyingi za kisasa hujisubirisha zenyewe. Zile za zamani za dirishani hazina subira hiyo. Mimi huwaambia wateja wahesabu dakika tano, waangalie taa kama zimetulia, ndipo wapandishe breka.

Kifaa cha kulinda volti kinasaidia sana, kwa sababu hukata umeme ukizidi au ukipungua na huchelewesha kuurudisha. Lakini soma ampea zake, yaani mkondo wa umeme kinaoweza kuubeba. Nimekuta cha friji, cha ampea 5, kimefungiwa AC ya chumba kizima. Kilikuwa kimeyeyuka pembeni. Na radi ikipiga karibu, usikitegemee.

Mvua yenyewe? Mashine ya nje imetengenezwa kunyeshewa. Mteja mmoja wa Kigamboni aliifunga yake kwa turubai, kwa nia njema kabisa, halafu watoto wakaiwasha ikiwa imefungwa vilevile. Joto likakosa pa kutokea, kompresa ikawa inajizima kila baada ya muda mfupi. Nilipofungua turubai nikakuta unyevu umejaa ndani na kutu imeshaanza kula skrubu. Turubai lile sasa linafunika kuni, ndiyo kazi yake.

Mafuriko ni habari nyingine. Maji yakifika kwenye feni au kisanduku cha nyaya cha mashine ya nje, usiiwashe hata kama kwa nje imekauka. Acha breka chini, aje fundi aifungue, aikaushe na kuipima kwanza.

Kwa wanaokaa karibu na bahari kuna jambo ambalo hawapendi kulisikia, kwa sababu si la umeme: breketi, vile vyuma vinavyoishikilia mashine ya nje ukutani. Chumvi huzila kutoka nyuma, upande wa ukutani, na rangi ya mbele inabaki inang'aa. Kabla ya masika, mwambie fundi akague boliti zote kwa spana, hasa kama mashine imening'inia ghorofani juu ya njia ya watu. Nimewahi kushika boliti moja ikabaki mkononi mwangu kama biskuti.