Tai haibadilishi tabaka

Ukitaja "tabaka la wafanyakazi" Dar es Salaam, wengi humuwaza kuli wa bandarini au mtu wa ovaroli kiwandani. Karani wa Posta, tai shingoni, hujitoa: yeye ni wa kati. Dhana hii ina asili yake. Makuli wa bandari ndio walioanzisha mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa 1947, ukasambaa hadi bara kufuata reli. Picha ikabaki.

Lakini Karl Marx, mwanafikra Mjerumani aliyeuchambua ubepari, hakupima tabaka kwa nguo wala unene wa mshahara. Aliuliza nani anamiliki nyenzo za uzalishaji (viwanda, mashine, ardhi), na nani hana cha kuuza ila nguvu kazi yake. Kwa kipimo hicho, karani ambaye mshahara ukichelewa anakopa nauli ya daladala yuko upande mmoja na kuli.

Mgumu ni dereva wa bodaboda, anayeitwa "bosi wa nafsi yake". Haya, muulize pikipiki ni ya nani. Mara nyingi ni ya tajiri (ndivyo wanavyomwita mwenye chombo), na hesabu yake, yaani fedha anayopelekewa kila siku, lazima ipatikane, mvua inyeshe isinyeshe. Akiwa na mkataba, akimaliza malipo chombo ni chake. Hapo ndipo tabaka lake linapoanza kubishaniwa kwa haki, ingawa pikipiki yenyewe huwa imeshachoka.